Bega Linalouma: Tiba za Baridi Yabisi ya Bega Kabla ya Upasuaji

Kazi nyingi za wakazi wa Kaunti ya Kilifi hupitia begani. Mgema wa Rabai au Kaloleni hujivuta juu ya mnazi kwa mikono. Mvuvi wa Malindi au Ngomeni huvuta jarife lililojaa maji. Mkata mawe kwenye machimbo ya matumbawe hunyanyua matofali kutwa nzima, na mama wa Ganze hujitwika mtungi wa maji wa lita 20 mara kadhaa kwa siku. Bega linapoanza kuuma, wengi husema ni uchovu tu, wakanunua tembe dukani na kuendelea na kazi. Miezi ikipita, mkono haufiki tena kisogoni, kulala ubavu huo hakuwezekani, na mgonjwa huamini yamebaki mambo mawili: kuvumilia au kupasuliwa.

Kati ya kuvumilia na kupasuliwa kuna tiba nyingi. Zipo za kubadilisha namna ya kufanya kazi, zipo mazoezi, dawa za kupaka na kumeza, na sindano inayodungwa ndani ya kiungo. Hakuna kati ya hizo inayorudisha kiungo kilichochakaa kuwa kipya, lakini zikitumiwa kwa mpangilio wagonjwa wengi hupata nafuu ya kuwawezesha kulala, kuvaa, kuoga na kufanya kazi. Mpangilio huo ndio wenye uzito. Mazoezi na mabadiliko ya kazi hubeba sehemu kubwa ya tiba, na dawa hupunguza maumivu ili mgonjwa aweze kuyafanya. Anayeshika dawa peke yake kwa miaka huweza kuishia na bega lilelile bovu, na juu yake figo au tumbo lililoharibika.

Kinachotokea ndani ya bega

Kiungo kikuu cha bega kimeundwa kama mpira uliowekwa juu ya kisahani. Mpira ni kichwa cha mfupa wa mkono wa juu, na kisahani ni sehemu ya kombe la bega. Kisahani hicho ni kidogo na hakina kina, ndiyo maana bega huzunguka kuliko kiungo kingine chochote mwilini. Kinachoshikilia mpira usitoke ni kano na misuli inayouzunguka. Kiungo cha pili kipo juu kidogo, pale mfupa wa mtulinga unapokutana na ncha ya bega. Nacho pia hupata yabisi, hasa kwa watu walionyanyua mizigo mizito kwa miaka mingi.

Ncha za mifupa inayokutana zimefunikwa na gegedu, tabaka laini linaloteleza na kuzuia mifupa kusagana. Gegedu likilika, nafasi kati ya mifupa hupungua, kingo za mifupa huota vinundu, na kiungo huuma, hukakamaa na wakati mwingine hutoa mlio wa kukwaruza. Hiyo ndiyo yabisi ya kuchakaa, na mara nyingi huwapata watu waliopita umri wa miaka 50. Kijana pia anaweza kuipata ikiwa bega liliwahi kuvunjika au kuteguka.

Yapo mambo mengine yanayoharibu kiungo hicho. Katika yabisi ya kinga, kinga ya mwili hushambulia utando wa viungo. Kano za bega zikichanika na kukaa muda mrefu bila kushughulikiwa, mpira hupanda juu na kusaga mahali pasipo pake. Wagonjwa wa seli mundu, ambao ni wengi kiasi katika ukanda wa Pwani na magharibi mwa Kenya, wanaweza kupata uharibifu wa kichwa cha mfupa kwa sababu damu haifiki vizuri, na wao hupatwa wakiwa bado vijana.

Jina la baridi yabisi limewafanya wengi waamini kwamba ugonjwa huletwa na baridi, na kwamba dawa ni kuvaa sweta na kuepuka feni. Baridi inaweza kufanya kiungo kilichokwisha kuathirika kiume zaidi, lakini si yo inayolika gegedu.

Si kila bega linalouma lina yabisi

Kabla ya tiba yoyote ni lazima ijulikane kinachouma. Bega lililoganda ni ugonjwa tofauti: mfuko unaozunguka kiungo hukaza, mkono hauinuki hata ukiinuliwa na mtu mwingine, lakini picha ya eksirei huonyesha mifupa iko sawa. Huwapata zaidi wenye kisukari, na kwa kawaida hulegea wenyewe polepole, ingawa huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Kano iliyochubuka au kuchanika huuma zaidi mkono unapoinuliwa pembeni. Mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni hutuma maumivu hadi begani na chini ya kiwiko, mara nyingi pamoja na ganzi vidoleni.

Yabisi ya kiungo kikuu huwa na desturi yake. Maumivu huja taratibu kwa miezi au miaka, huhisiwa ndani sana au nyuma ya bega, huzidi mkono ukitumika, na baadaye humwamsha mtu usiku. Ukakamavu wa asubuhi huwa mfupi, kwa kawaida chini ya nusu saa. Mwendo unaopotea mapema ni ule wa kuzungusha mkono kwenda nje, kama anayefungua mlango huku kiwiko kikiwa ubavuni. Yabisi ya kiungo cha mtulinga huuma juu kabisa ya bega, na mgonjwa huweza kuionyesha kwa ncha ya kidole, hasa anapovusha mkono mbele ya kifua.

Mara nyingi afisa wa kliniki au daktari hufikia jibu kwa kusikiliza historia, kupima mwendo wa mikono yote miwili na kuagiza picha ya eksirei. Picha ghali za mashine kubwa hazihitajiki kwa kila mgonjwa. Vipimo vya damu huagizwa inaposhukiwa yabisi ya kinga, jongo au maambukizi. Kiasi cha uharibifu kwenye picha hakilingani siku zote na kiasi cha maumivu. Yupo mwenye picha mbaya anayelima bila shida, na yupo mwenye picha ya wastani asiyelala usiku, kwa hivyo anayetibiwa ni mtu wala si picha.

Kubadilisha namna ya kufanya kazi

Hatua ya kwanza haihitaji kununua kitu. Bega huumia zaidi mzigo unapokuwa mbali na mwili na kiwiko kinapopita usawa wa bega. Kilo tano zilizoshikwa mkono ukiwa umenyooka mbele hulemea bega mara nyingi zaidi kuliko kilo tano zilizokumbatiwa kifuani.

Kwa hivyo mwenye bega bovu anapaswa kupanga kazi yake kati ya kiuno na kifua kadiri inavyowezekana. Sufuria, unga na vyombo vya kila siku viteremshwe kutoka rafu ya juu. Mtungi wa lita 20 unaweza kubadilishwa kwa vibuyu viwili vya lita 10, au maji yakasukumwa kwa mkokoteni au wilbaro. Mchoraji au mpaka rangi apande ngazi ili ukuta uwe mbele ya kifua chake badala ya juu ya kichwa. Anayelima atumie jembe lenye mpini mrefu, alime kwa vipindi vifupi na asimalizie shamba lote kwa siku moja. Anayekuna nazi akae mahali ambapo kiwiko kitabaki karibu na ubavu.

Mgema na mvuvi wana uamuzi mgumu zaidi, kwa sababu kazi yenyewe ni ya kuinua na kuvuta. Kwao, kupunguza idadi ya minazi kwa siku au kubadilishana zamu ya kuvuta nyavu kwa miezi miwili au mitatu wakati wa tiba ni hasara inayohesabika. Hasara ya bega lililokakamaa kabisa ni kubwa zaidi, kwa kuwa hiyo huondoa kazi yote. Ipo pia hatari ya maisha: mkono unaokatwa nguvu ghafla na maumivu haufai kuaminiwa juu ya mnazi.

Kupumzisha bega hakumaanishi kulifunga. Mkono uliowekwa kwenye tanji kwa wiki kadhaa bila agizo la daktari hukakamaa na misuli yake hunyauka. Usiku, mgonjwa alale chali akiwa na mto mdogo au leso iliyokunjwa chini ya kiwiko, au alale upande mzima akiwa amekumbatia mto ili mkono mbovu usining'inie.

Mazoezi

Mkono unapoinuliwa hadi juu kabisa, takriban theluthi mbili za mwendo hutoka kwenye mpira na kisahani, na theluthi moja hutoka kwenye kombe la bega linaloteleza juu ya mbavu. Kombe la bega halijachakaa. Ndiyo maana mtaalamu wa fiziotherapia huanza na mgongo na kombe la bega hata pale ambapo mpira wenyewe umelika: sehemu iliyo nzima hufundishwa kubeba kazi zaidi. Mazoezi pia huimarisha misuli inayoushika mpira katikati ya kisahani, ili usisagane ovyo.

Mazoezi yafuatayo ni ya kawaida kwa mabega yenye yabisi. Ni vyema mtaalamu ayaonyeshe mara ya kwanza, kwa kuwa bega lililovunjika au kuteguka lina mpangilio wake.

Zoezi la pendulamu. Mgonjwa huinama mbele akiegemea meza kwa mkono mzima, na kuuachia mkono mbovu uning'inie kama kamba. Kisha huyumbisha kiwiliwili ili mkono uende mbele na nyuma, kulia na kushoto, na kuzunguka kwa duara ndogo, kwa dakika moja au mbili. Misuli ya bega haifanyi kazi. Uzito wa mkono ndio unaofungua kiungo. Zoezi hili hujulikana kwa jina la Ernest Amory Codman, daktari wa upasuaji wa Boston, Marekani, ambaye kitabu chake kuhusu bega kilichapishwa mwaka 1934.

Fimbo ya kuinua. Mgonjwa hulala chali, hushika mpini wa fagio kwa mikono miwili, na mkono mzima huusukuma ule mbovu kuelekea juu hadi pale panapoanza kuvuta. Husubiri kidogo, kisha hurudisha polepole.

Fimbo ya kuzungusha. Akiwa amekaa au amelala, kiwiko kikiwa kimekunjwa na kugusa ubavu, hutumia fimbo hiyohiyo kuusukuma mkono mbovu kwenda nje. Huu ndio mwendo unaopotea mapema, kwa hivyo usirukwe.

Vidole ukutani. Mgonjwa husimama akitazama ukuta na kuvipandisha vidole kama buibui hadi vinapokomea. Alama ya chaki ikiwekwa kila Jumapili huonyesha maendeleo ambayo macho hayayaoni siku kwa siku.

Kubana makombe ya bega. Akiwa amekaa wima, huvuta makombe mawili nyuma kana kwamba anabana kalamu katikati ya mgongo, hushikilia kwa sekunde 5, kisha huachia.

Mpira wa tyubu. Maumivu yakishapungua, kipande cha tyubu ya baiskeli hufungwa kwenye nguzo au kitasa imara. Mgonjwa huweka leso iliyoviringwa kwapani, hukunja kiwiko, na kuvuta mpira kwenda ndani kisha, akigeuka, kwenda nje.

Kila zoezi hurudiwa mara 10, mara mbili kwa siku. Maumivu kidogo wakati wa kufanya hukubalika. Yakizidi na kubaki yamezidi hadi asubuhi ya pili, idadi ipunguzwe kwa nusu, lakini mazoezi yasiachwe. Kosa kubwa ni la pande mbili: wapo wanaoacha baada ya siku nne kwa sababu hawajaona tofauti, na wapo wanaoomba mtu mwenye nguvu auvute mkono hadi ulie. Bega lenye yabisi halilazimishwi. Kuvutwa kwa nguvu huliwasha zaidi. Matokeo ya mazoezi hupimwa baada ya wiki 6 hadi 12.

Joto, baridi na kuchua

Taulo iliyolowekwa kwenye maji ya moto na kukamuliwa, ikiwekwa begani kwa dakika 15 hadi 20 kabla ya mazoezi, hulegeza misuli. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa hufaa zaidi baada ya kazi nzito au bega linapovimba. Vyote viwili ni vya kutuliza, na mgonjwa huchagua kinachomfaa. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za ngozi awe na mtu wa kupima joto hilo kwa mkono wake, kwa sababu anaweza kuungua bila kujua.

Kuchua taratibu kwa mafuta hupunguza mkazo wa shingo na mgongo wa juu, na hakuna ubaya. Kuchanja ngozi kwa wembe na kupaka dawa ni jambo jingine. Hakufiki kwenye kiungo, na huweza kuleta pepopunda au kuambukiza magonjwa kupitia damu wembe ukitumiwa na watu zaidi ya mmoja.

Dawa za kupaka na kumeza

Dawa ya kupaka yenye diklofenaki huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo tu, kwa hivyo ni salama kuliko tembe. Husaidia zaidi kiungo cha mtulinga kilicho karibu na ngozi kuliko kiungo kikuu kilichofunikwa na misuli minene.

Parasetamoli ni dawa nyepesi na nafuu yake kwa yabisi ni ndogo, lakini huwafaa baadhi ya wagonjwa. Mtu mzima mwenye afya hapaswi kupita gramu 4 kwa siku, yaani tembe 8 za miligramu 500, na mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana anahitaji kiasi kidogo zaidi. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani, hivyo hesabu ijumlishe zote.

Ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zao hupunguza maumivu na uvimbe kwa nguvu zaidi. Hizi ndizo zinazouzwa sana, na ndizo zenye madhara mazito zikitumiwa kiholela. Huweza kutoboa tumbo na kusababisha kutokwa na damu, hupandisha presha, huelemea moyo na huharibu figo. Kanuni yake ni kiasi kidogo kabisa kinachotosha, kwa muda mfupi kabisa, baada ya chakula. Kumeza ibuprofeni pamoja na diklofenaki hakuongezi nafuu kwa kuwa ni za ukoo mmoja. Huongeza madhara tu.

Wagonjwa wa presha wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Anayetumia enalaprili au losartani pamoja na dawa ya kukojoza kama hidroklorothiazidi, kisha akaongeza diklofenaki, huziweka figo zake katika hatari kubwa, hasa akiwa mzee au akiwa amepungukiwa na maji mwilini baada ya kutwa juani. Wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, na wajawazito wasizinunue bila kumwuliza mhudumu wa afya. Mwuzaji wa dawa aliyesajiliwa atauliza maswali hayo kabla ya kuuza, na mgonjwa anapaswa kumwambia dawa zote anazotumia.

Kundi jingine la hatari ni poda, matone na tembe zisizo na jina, zinazouzwa sokoni au ndani ya matatu kwa ahadi ya kuponya baridi yabisi kwa siku tatu. Baadhi ya bidhaa za aina hii zikipimwa hukutwa zimechanganywa kwa siri na steroidi kama deksamethasoni au prednisoloni. Mgonjwa hupata nafuu ya ajabu, hula sana na kunenepa uso, na husifu dawa. Baadaye huja sukari ya juu, presha, mifupa kuwa dhaifu na maambukizi yasiyokoma. Aliyeitumia kwa wiki nyingi asiiache kwa ghafla, kwani mwili huwa umeacha kutengeneza steroidi yake ya asili. Aende hospitalini na pakiti yenyewe mkononi ili apunguziwe kwa utaratibu.

Sindano

Wagonjwa wengi husema wameshadungwa sindano ya bega, kumbe walidungwa diklofenaki kwenye makalio. Hiyo hufanya kazi sawa na tembe, kwa madhara yaleyale. Sindano ya kiungo ni steroidi inayowekwa ndani ya bega lenyewe na daktari au mhudumu aliyefunzwa, kwa usafi wa hali ya juu, na pale inapowezekana kwa kuongozwa na mashine ya picha ili ifike mahali pake.

Nafuu yake huanza baada ya siku chache na huweza kudumu wiki kadhaa hadi takriban miezi mitatu. Haitengenezi gegedu. Faida yake kubwa ni kumpa mgonjwa kipindi cha maumivu kidogo ili afanye mazoezi aliyokuwa hawezi, na anayedungwa kisha akarudi kitako hupoteza kipindi hicho. Kwa kawaida hairudiwi kabla ya miezi mitatu kupita, wala haizidi mara tatu au nne kwa mwaka kwenye kiungo kimoja, kwa sababu ikirudiwa mno huweza kudhoofisha kano na kuharakisha kulika kwa gegedu.

Siku moja au mbili za kwanza maumivu yanaweza kuzidi. Kwa mwenye kisukari, sukari hupanda kwa siku kadhaa, hivyo apime mara nyingi zaidi na amjulishe daktari kabla ya kudungwa. Homa, au bega kuwa jekundu na moto baada ya sindano, ni dalili ya maambukizi na huhitaji hospitali siku hiyohiyo.

Zipo sindano nyingine zinazotangazwa kwa bei kubwa. Sindano ya asidi ya hyaluroniki, inayosemekana kuwa grisi ya kiungo, haipendekezwi kwa bega. Mwongozo wa mwaka 2020 wa chama cha madaktari wa mifupa cha Marekani, AAOS, ulisema ushahidi ni thabiti kwamba haina faida kwa yabisi ya kiungo kikuu cha bega. Sindano za chembe za damu ya mgonjwa mwenyewe na za seli shina bado hazina ushahidi wa kutosha. Familia inayofikiria kuuza mbuzi au kipande cha shamba kwa ajili ya sindano hizo inapaswa kwanza kuonana na daktari wa mifupa katika hospitali ya umma.

Yabisi ya kinga ina dawa zake

Mwenye viungo vya vidole vilivyovimba pande zote mbili, ukakamavu wa asubuhi unaozidi saa moja na uchovu usioeleweka huenda ana yabisi ya kinga, ambayo huwapata wanawake zaidi. Hapa kuchelewa ni hasara, kwa sababu zipo dawa zinazozuia ugonjwa wenyewe usiendelee kula viungo. Inayotumika zaidi ni methotreksati. Tembe zake humezwa siku moja tu kwa wiki. Kumeza kila siku kwa makosa huweza kuua. Haitumiwi na mjamzito, na mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara kuangalia ini na chembe za damu.

Dalili zisizongoja

Mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja bega likiwa moto, limevimba na lina homa. Vivyo hivyo likibadilika umbo baada ya kuanguka, mkono ukipoteza nguvu ghafla, au mgonjwa wa seli mundu akipata maumivu makali mapya. Maumivu ya bega la kushoto yanayoandamana na kifua kubanwa, jasho au kukosa pumzi yanaweza kuwa ya moyo. Maumivu yasiyokoma usiku wala mchana pamoja na kukonda, kikohozi cha muda mrefu au jasho la usiku huhitaji uchunguzi wa kifua kikuu na saratani.

Upasuaji unapofika

Zikipita miezi kadhaa ya mazoezi, mabadiliko ya kazi na dawa zilizotumiwa sawasawa, na mgonjwa bado halali au hawezi kujihudumia, kuonana na daktari wa upasuaji wa mifupa ni hatua ya kawaida katika tiba, wala si dalili kwamba mgonjwa ameshindwa. Aliyedungwa steroidi kwenye kiungo aseme tarehe, kwa kuwa upasuaji wa kubadilisha kiungo kwa kawaida huahirishwa hadi ipite angalau miezi mitatu, ili kupunguza hatari ya maambukizi. Misuli iliyoimarishwa kwa mazoezi humsaidia hata atakayepasuliwa, kwani baada ya upasuaji atarudi kwa mtaalamu yuleyule wa fiziotherapia.

Pa kuanzia

Mahali pa kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kwa aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, huduma za msingi katika ngazi hiyo hugharamiwa na Hazina ya Huduma za Afya ya Msingi. Usajili hufanywa kwa simu kupitia *147# au kwa kusaidiwa na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji, ambaye pia anaweza kupima presha na sukari nyumbani kabla mgonjwa hajaanza dawa za maumivu. Anayehitaji eksirei, fiziotherapia au sindano ya kiungo huandikiwa barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa, kama zile za Malindi, Mariakani au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyoko mjini Kilifi. Katika ngazi hiyo malipo ya SHA hutegemea michango kuwa imelipwa, kwa hivyo michango ikaguliwe kabla ya siku ya safari, na siku za kliniki ziulizwe mapema.

Mgonjwa abebe kitambulisho, barua ya rufaa, picha za eksirei za zamani, na mfuko wenye dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba. Ajiandae kujibu maswali matatu: maumivu yalianza lini, ni kazi gani asiyoiweza tena, na usiku anaamka mara ngapi. Wiki 12 baadaye, majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoonyesha kama tiba imefanya kazi.